Umepangiwa kuongoza Rozari ya jumuiya: ilikotoka, inachotafuta na namna ya kuisali

Oktoba ikikaribia, katibu wa jumuiya anaandika ratiba kwenye daftari: Jumatatu kwa mama fulani, Jumanne kwa mzee fulani, na mbele ya kila nyumba jina la atakayeongoza sala. Kama jina lako limo kwa mara ya kwanza, mwongozo huu ni wako. Nimewafikiria zaidi waamini wa jumuiya ndogondogo za Mwanza na kandokando ya ziwa, kuanzia Igogo na Mabatini hadi Igombe, Kayenze, Sengerema na Ukerewe, lakini Rozari ni ile ile popote.

Kuna jambo moja ambalo ningependa lisikutoke. Rozari ilitengenezwa ili mtu asiye na kitabu aweze kuyatazama maisha yote ya Yesu, akiwa pamoja na Mama yake. Punje zinausaidia mkono, maneno yanausaidia mdomo, na moyo unabaki kwenye tendo, yaani tukio la maisha ya Yesu au ya Mama yake linalotafakariwa. Jioni nyingi tunazimaliza punje zote hamsini na tisa na tendo hatukuligusa. Mwongozaji mzuri anaweza kulibadilisha hilo kwa usiku mmoja, na haihitaji sauti nzuri wala elimu kubwa.

Hatua ya kwanza: jua ilikotoka

Usiruke sehemu hii ukakimbilia namna ya kusali. Ukijua Rozari ilivyokua, utajua pia sehemu gani ya kuipa muda na sehemu gani inaweza kupita haraka.

Watawa wa zamani walisali Zaburi zote 150 kwa zamu, wakizirudia mwaka mzima. Hiyo ilikuwa sala ya waliojua kusoma Kilatini. Mabruda waliolima na kupika monasterini, na wakulima wa vijiji vya jirani, hawakujua kusoma, nao walitaka kusali pamoja na wenzao. Wakapewa njia yao: Baba Yetu 150 badala ya Zaburi 150. Hesabu ya namna hiyo haishikiki kichwani, kwa hiyo walitumia kamba yenye mafundo au uzi wenye punje. Kufikia karne ya 13, mafundi wa kutengeneza nyuzi hizo mjini Paris walikuwa wengi kiasi cha kuwa na vyama vyao vya ufundi.

Wakati huo huo Salamu Maria nayo ilikuwa inaenea. Ilikuwa fupi kuliko tunavyoijua leo: salamu ya Malaika Gabrieli (Luka 1:28) na maneno ya Elizabeti alipotembelewa (Luka 1:42). Watu wakaanza kuisali mara 150 kwa mtindo ule ule, wakaigawa katika hamsini tatu. Sehemu ya pili, ile tunayoitikia “Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu”, iliingia polepole, na ikathibitishwa katika kitabu cha Sala ya Kanisa cha mwaka 1568, wakati wa Papa Pius V.

Hadi hapo tuna punje na maneno. Mwanzoni mwa karne ya 15, katika monasteri ya Wakartusi huko Trier, Ujerumani, mtawa aitwaye Dominiko wa Prussia aliambatanisha kila Salamu Maria na sentensi fupi juu ya maisha ya Yesu, tangu kutungwa mimba kwake hadi utukufu wake mbinguni. Sentensi hamsini kwa Salamu Maria hamsini. Kwangu mimi hapo ndipo Rozari ilipopata moyo wake, kwa sababu mdomo ulisema salamu kwa Maria huku macho ya ndani yakimfuata Mwanae. Baadaye sentensi hizo nyingi zilipunguzwa zikawa matendo machache makubwa, moja kwa kila fungu la Salamu Maria kumi, ili mtu wa kawaida aweze kuyakariri.

Utasikia pia, na pengine umeshawafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu, kwamba Bikira Maria alimkabidhi Rozari Mtakatifu Dominiko. Ni mapokeo ya kale yanayopendwa, na picha zake zimo katika makanisa mengi. Mtakatifu Dominiko alifariki mwaka 1221, na maandishi ya wakati wake hayaitaji habari hiyo. Aliyeieneza kwa nguvu ni Mdominikani mwingine, Alano wa Rupe, aliyefariki mwaka 1475, na ndiye pia aliyeanzisha vyama vya waamini wa kusali Rozari. Wadominikani wakaipeleka kila walipokwenda kuhubiri, kwa hiyo heshima yao katika jambo hili ni ya haki. Ukiulizwa na kijana msomi wa jumuiya, mweleze hivyo hivyo bila wasiwasi. Rozari haipungukiwi kitu kwa kuwa ilikua hatua kwa hatua mikononi mwa watu wengi.

Mwaka 1569 Papa Pius V, naye Mdominikani, aliiweka katika umbo la mafungu kumi na tano: matendo matano ya furaha, matano ya uchungu, matano ya utukufu. Sikukuu ya tarehe 7 Oktoba inatokana na vita vya majini vya Lepanto vya mwaka 1571, ambapo Wakristo walisali Rozari wakati meli zao zikipambana na za Waturuki. Nalitaja kwa sababu ni historia, lakini nakusihi usiligeuze kuwa hotuba. Tunaishi nyumba kwa nyumba na Waislamu, tunazikana na tunachangiana harusi, na Rozari ya Oktoba mtaani kwetu haisaliwi dhidi ya mtu yeyote. Oktoba nzima kuwa mwezi wa Rozari ni jambo la baadaye zaidi, la Papa Leo XIII mwaka 1883. Mwaka 1917, huko Fatima nchini Ureno, watoto watatu wachungaji, Lusia, Fransisko na Yasinta, walisimulia kwamba Bikira Maria aliwataka wasali Rozari kila siku kwa ajili ya amani, maana vita kuu ya kwanza ilikuwa inaendelea. Sala ya “Ee Yesu wangu” tunayoisali mwisho wa kila fungu inatoka kwao.

Badiliko la mwisho wengi wetu tulilishuhudia. Tarehe 16 Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II, ambaye Mwanza ilimpokea alipozuru Tanzania Septemba 1990, alipendekeza matendo matano ya mwanga. Aliona kwamba Rozari ilikuwa inaruka kutoka Yesu wa miaka kumi na miwili hekaluni moja kwa moja hadi bustani ya Gethsemani, na utume wake wote katikati haupo. Nafasi hiyo ndiyo aliyoijaza. Ndiyo maana wazee waliofundishwa zamani wanajua matendo kumi na tano na vijana wanajua ishirini. Bibi akisema Alhamisi ni ya furaha, hajakosea katekisimu yake. Ndivyo ratiba ya zamani ilivyokuwa. Mweleze kwa adabu kwamba siku hizi Alhamisi tunasali ya mwanga.

Na huku kwetu? Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifika Kageye upande wa kusini wa ziwa wakitokea Bagamoyo kwa miguu, na tarehe 17 Februari 1879 wawili wao wakatia nanga Entebbe kwa mtumbwi. Bukumbi, kusini ya Mwanza, misheni ilianzishwa mwaka 1883. Imani ilienea hapa kwa midomo ya makatekista kuliko kwa vitabu, kwa watu waliokuwa katika hali ile ile ya wale mabruda wa monasteri: hawakusoma, lakini walikuwa na mikono na kumbukumbu. Ukimwona bibi kizee wa Kagunguli anayejua matendo yote kwa kichwa na hajawahi kushika Biblia, unaona kazi ambayo Rozari ilitengenezwa kuifanya.

Hatua ya pili: jua inachotafuta

Hapa nitakuwa mfupi. Rozari inapita kwa Maria na inamtafuta Yesu. Luka anasema: “Bali Mariamu akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake” (Luka 2:19). Tunachofanya ni kuyafikiri pamoja naye. Papa Paulo VI aliandika mwaka 1974 kwamba Rozari bila tafakari ni mwili usio na roho. Hakuna aliyelisema wazi zaidi.

Kwa hiyo kuna matumizi ambayo mwongozaji anapaswa kuyakemea kwa upole. Rozari haifungwi kwenye kitanda cha mtoto ili izuie wachawi, wala haitundikwi kwenye kioo cha daladala ili izuie ajali, wakati mwenyewe hajaisali tangu kipaimara. Kanda yetu ya Ziwa inajua sana hirizi, na mtu aliyeacha hirizi jana anaweza leo akaifanya Rozari iwe hirizi mpya bila kujua. Kuivaa si dhambi. Mwambie tu aivue jioni aisali.

Hatua ya tatu: pata Rozari yenyewe

Hesabu ya Rozari ya kawaida ni punje 59. Kwenye mkia kuna msalaba, punje kubwa moja, ndogo tatu, na kubwa nyingine. Kisha medali, na baada yake mzunguko wenye mafungu matano ya punje ndogo kumi kumi, yakitenganishwa na punje kubwa nne. Za plastiki zinauzwa kwenye maduka ya vitu vya ibada parokiani, na zinatosha kabisa. Ghali haina baraka zaidi.

Ila za plastiki zenye waya mwembamba hukatika upesi, hasa mifukoni mwa watoto. Badala ya kuitupa, isuke upya kwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, ambao Mwaloni Kirumba au mwalo wowote unapatikana. Huo uzi hauozi kwa jasho wala kwa maji. Usipokuwa na punje, funga mafundo. Chukua uzi mnene kidogo, mita sita hivi. Uzungushe kwenye kidole cha shahada mara tatu, pitisha ncha ndani ya mizunguko hiyo kuelekea juu, kisha uvute taratibu huku ukichomoa kidole. Mizunguko itajikaza yenyewe na kuwa punje moja nene. Acha nafasi ndogo sana kati ya fundo na fundo, na nafasi pana kabla na baada ya fundo la Baba Yetu, ili dole gumba lijue limefika wapi hata gizani. Ukimaliza, choma ncha kwa kiberiti zisifumuke. Mtoto wa miaka kumi anajifunza kwa mchana mmoja, na Rozari aliyoifunga mwenyewe haipotezi ovyo. Kuna pia zile mbegu ngumu za kijivu za majani ya mabondeni, zenye tundu la asili katikati, ambazo zimetumika kutengenezea Rozari sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ukizipata, tumia.

Ikiwa tayari, mpelekee padri au shemasi aibariki baada ya Misa. Iliyobarikiwa ikichakaa kabisa isiende jalalani. Ichome au ifukie mahali pasipokanyagwa.

Na usiyekuwa nayo, tumia vidole vyako kumi. Mungu amekupa fungu zima mikononi.

Hatua ya nne: panga saa na mahali

Mwanza mwezi Oktoba jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Jumuiya inayoanza saa kumi na mbili kamili inamaliza watoto wakiwa bado wanaona njia ya kushuka kati ya mawe, jambo la maana kwa wanaokaa milimani Igogo au Mabatini. Zipo zinazosali alfajiri, saa kumi na moja, kabla watu hawajaenda sokoni na shuleni. Zote ni nzuri. Kosa ni kupanga saa bila kuwauliza wavuvi na wachuuzi. Kwenye mialo ya dagaa wanaume wanaingia ziwani jioni usiku wa giza na kupumzika kipindi cha mbalamwezi, kwa sababu taa ya karabai au ya sola haivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa. Mwenyekiti mwenye busara anaangalia kalenda ya mwezi, anaweka nyumba za wavuvi kwenye siku za mbalamwezi, na ghafla kina baba wanaonekana Rozarini.

Vuli nayo inaanza kunyesha Oktoba. Uliza mapema kama nyumba ina ukumbi au turubai.

Mahali: meza ndogo, kitambaa safi, msalaba, sanamu ya Bikira Maria inayozunguka nyumba hadi nyumba, mishumaa miwili. Maua ya uani yanatosha. Mwenye nyumba asilazimike kupika. Nimeona Rozari ikigeuka mzigo kwa mama mjane kwa sababu nyumba ya jana walitoa chai na maandazi, naye akaona aibu kutotoa. Jumuiya ikubaliane tangu tarehe mosi: maji ya kunywa basi, na mgonjwa au mzee apewe kiti chenye egemeo.

Hatua ya tano: mpangilio wa sala

Salimia: “Tumsifu Yesu Kristo.” Wataitikia. Taja nyumba mliyomo, taja nia za jioni hiyo, mbili au tatu. Nia zikiwa kumi na tano, watu wanasahau ya kwanza.

Shika msalaba, fanya ishara ya msalaba, wote mseme Nasadiki. Kwenye punje kubwa ya kwanza, Baba Yetu. Kwenye tatu ndogo, Salamu Maria tatu za kuomba imani, matumaini na mapendo. Kisha Atukuzwe. Punje kubwa inayofuata ndiyo Baba Yetu ya fungu la kwanza, baada ya kutangaza tendo. Kila fungu ni hivyo: tangazo la tendo, kimya kifupi, Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi, Atukuzwe, na “Ee Yesu wangu, utusamehe dhambi zetu”. Baada ya fungu la tano, Salamu Malkia, na Litania ya Bikira Maria kama muda upo.

Siku zimegawanywa hivi: Jumatatu na Jumamosi matendo ya furaha, Jumanne na Ijumaa ya uchungu, Jumatano na Jumapili ya utukufu, Alhamisi ya mwanga.

Yote bila nyimbo ni dakika ishirini hivi. Kwa nyimbo na tafakari, dakika arobaini zinatosha. Wimbo kila baada ya fungu ni desturi yetu nzuri, ila uwe ubeti mmoja na kiitikio. Kwaya ikikaa hapo hapo, watoto wanalala.

Sasa namna ya kupokezana. Mwongozaji anasema “Salamu Maria, umejaa neema” hadi “amebarikiwa”. Subiri. Wengine ndipo waanze “Maria Mtakatifu”. Tatizo kubwa la jumuiya zetu ni kupandiana: mwongozaji hajamaliza, wengine wameshaanza, na jina la Yesu, ambalo liko katikati kabisa ya sala, linamezwa. Sikiliza jioni moja utaona. Ukilitamka jina hilo polepole na kutulia nukta moja, watu wote wanajirekebisha bila kuambiwa. Ni jambo dogo, lakini linageuza sala yote.

Mgawie kila fungu mtu mwingine: mama, mzee, kijana, mtoto, na mwenye nyumba. Mtoto akikosea hesabu akasali tisa au kumi na moja, acha. Usimkatishe.

Hatua ya sita: fungua kila tendo

Hapa ndipo utakapotumia maandalizi yako. Kwenye vitabu vyetu vya sala kila tendo lina mstari mmoja na ombi lake: “Yesu anazaliwa Bethlehemu”, halafu tunaomba fadhila ya tendo hilo. Mstari huo usiuache. Ongeza sentensi mbili au tatu zako, zisizidi, zinazowaweka watu pale mahali. Soma Injili ya tendo hilo mchana, ndipo uziandike.

Chukua tendo la tatu la mwanga, Yesu anatangaza Ufalme wa Mungu. Ukisoma Marko 1:14-20 utakuta ziwa, mitumbwi, na ndugu wawili wawili: Simoni na Andrea wakitupa nyavu, Yakobo na Yohane chomboni wakizitengeneza. Kwa watu wa Kayenze hiyo ni asubuhi ya kila siku. Unaweza kusema: “Yesu anapita mwaloni. Zebedayo baba yao yuko chomboni na vibarua, nyavu ziko mikononi, na anawaita wakiwa katikati ya kazi. Tumwombe atuite nasi tukiwa kazini kwetu.” Kimya kidogo. Kisha Baba Yetu. Hukuhubiri, umewaonyesha tu, na Salamu Maria kumi zinazofuata kila mtu yuko pale mwaloni na Yesu.

Au tendo la pili la furaha, Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti. Msichana mjamzito anapanda nchi ya milima kwenda kumsaidia mama mtu mzima aliye mjamzito pia, na Luka 1:56 inasema alikaa naye kama miezi mitatu. Kwenye jumuiya yenu pengine kuna dada aliyejifungua wiki hii na hana wa kumchotea maji. Usimtaje jina. Watu wataelewa, na kesho ndoo itafika.

Matendo ya uchungu yanahitaji uangalifu. Usiyarefushe kwa kueleza damu na misumari hadi watu walie. Nyumba tunazoingia zina majeraha yake: mwaka uliopita huyu alizika, yule boti yao ilizama. Sema kidogo, acha kimya kirefu zaidi.

Msibani, jumuiya inapokwenda kusali, baadhi hupenda matendo ya uchungu kila mara. Kwa maoni yangu, siku ya kwanza yafaa, na usiku wa kuamkia maziko sali ya utukufu, yaanze na “Yesu anafufuka”. Wafiwa wanahitaji kulisikia hilo kwa sauti za majirani zao.

Wakiuliza majirani

Mlokole au Msabato wa nyumba ya pili atauliza: mbona mnarudia maneno, wakati Yesu amekataza katika Mathayo 6:7? Usigombane. Alichokataza ni kupayuka-payuka kwa kudhani Mungu atasikia kwa wingi wa maneno. Yeye mwenyewe Gethsemani alisali mara ya tatu akisema maneno yale yale (Mathayo 26:44). Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila moja inaishia kwa maneno yale yale juu ya fadhili za Mungu. Mwonyeshe katika Biblia yake, yamo vile vile.

Atauliza pia kama tunamwabudu Maria. Mpe maneno ya sala yenyewe: tunamwambia “utuombee”. Anayeombwa atuombee si Mungu. Nusu ya kwanza ni maneno ya Injili, ambayo yeye pia anayasoma.

Na jirani Mwislamu akiona punje mkononi mwako akakuonyesha tasbihi yake, kaeni mzungumze. Maryamu anaheshimiwa kwao pia, na mazungumzo ya namna hiyo barazani yanajenga mtaa.

Kwa wasiofika

Kila jumuiya ina mgonjwa asiyeweza kutoka, mlinzi wa usiku, na wavuvi walioko visiwani. Waambie wazi kwamba Rozari inaweza kugawanywa: fungu moja alfajiri, moja njiani, moja kabla ya kulala. Anayemuuguza mtu Bugando asisali kwa sauti wodini. Fungu moja la kimya kando ya kitanda, tendo moja, mkono wa mgonjwa ukiwa umeshika punje naye akipenda. Kwa anayetaka kupata rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, sharti ni mafungu matano mfululizo, yakisaliwa kanisani, katika familia au katika jumuiya, pamoja na kutafakari matendo, na masharti ya kawaida: kuungama, kukomunika, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kutoshikamana na dhambi yoyote. Waliotawanyika mafungu yao hayapotei, Mungu anayapokea.

Mkimaliza, kabla watu hawajainuka, tangaza nyumba ya kesho na mwongozaji wake, na nani atabeba sanamu. Mkabidhi mwongozaji huyo daftari la nia, na umwonyeshe ni aya zipi za Injili azisome mchana ili aandae sentensi zake.